Eti Kenya iliwahi kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la hoki? Nisaidieni kabla sijalipa kreti ya soda

mpiga_deki:
Wakuu habari za jioni. Nina ishu ndogo ila imenikaa kooni. Kazini kwetu hapa Arusha kuna jamaa Mkenya, tunaelewana vizuri tu ila kwenye michezo hafai, kila kitu wao wa kwanza, riadha namwachia, raga namwachia pia maana sina cha kujibu. Sasa jana mchana tupo kwa mama lishe, tivii inaonyesha hoki ya wanaume, ile ya magongo, India na sijui nani, mi nikaropoka kwamba huu mchezo sisi Afrika Mashariki hata sheria zake hatuzijui. Jamaa akarudisha tonge kwenye sahani. Akasema Kenya ilishacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la hoki na ikamaliza ya nne. Meza nzima tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Basi tukawekeana kreti ya soda, mashahidi wapo.

Nimeuliza watu huku hakuna anayejua chochote. Kuna mtu ana uhakika? Na kama ni kweli iliishia wapi, mbona mi nimekua siisikii?

babu_wa_pangani:
Mdogo wangu anza kutafuta hela ya kreti.

Ni kweli tupu. Ni Kombe la Dunia la kwanza kabisa la wanaume, Barcelona, Oktoba 1971. Lilikuwa lichezwe Pakistan lakini siasa za India na Pakistan wakati ule zilikuwa moto (vita vyenyewe vilikuja Desemba mwaka huohuo) likahamishiwa Hispania. Timu zilikuwa 10. Kenya ikavuka kundi lake, nusu fainali ikafungwa 1-0 na wenyeji Hispania, halafu mechi ya kutafuta wa tatu ikafungwa na India 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Muda wa nyongeza kijana! Na India hiyo. Pakistan ndio walibeba kombe kwa kuifunga Hispania 1-0.

Sasa angalia waliokuwa nyuma yetu. Ujerumani Magharibi wa 5, Uholanzi wa 6, Australia wa 8. Hao Wajerumani mwaka uliofuata wakachukua dhahabu ya Olimpiki Munich, na Waholanzi wakachukua Kombe la Dunia 1973. Haikuwa bahati, Tokyo 1964 kwenye Olimpiki tulishamaliza wa 6.

Mi nilikuwa mtoto Nairobi, tulikuwa tunapanda ukuta kuangalia Wasikh wanacheza Jumapili. Enzi hizo mechi inaanza kwa buli: wachezaji wawili wanatazamana mpira uko katikati, wanagonga chini, wanagonganisha magongo, mara tatu, tak tak tak, halafu kila mtu na lake. Sisi tulikuwa tunaigiza na vijiti vya mjakaranda, tukigombana tunaishia kupigana navyo kabisa. Na kona fupi, lile pigo la adhabu karibu na goli, ilikuwa raha yake, mmoja anausukuma kutoka kwenye mstari, wa pili anachuchumaa anausimamisha kwa kiganja, kiganja kitupu, wa tatu anaupiga kwa nguvu zake zote pembeni ya vidole vya mwenzake. Hukuwa unapumua.

Chekibob_TZ:
Babu hapo kwenye vidole nimekunja vyangu.

Ila mpiga_deki usinyong'onyee, na sisi tumo. Tanzania tulikwenda Olimpiki ya hoki ya wanaume Moscow 1980. Nchi nyingi ziligoma kwenda, nafasi zikawa wazi, tukapewa. Tukamaliza wa 6 duniani. Mwambie hivyohivyo, wa sita Olimpiki, halafu ondoka haraka asikuulize timu zilikuwa ngapi.

mpiga_deki:
Zilikuwa ngapi mkuu?

Chekibob_TZ:
6

dada_wa_kona_fupi:
Hahaha. Na India walitufunga 18-0, msimfiche mwenzenu. Ila mnacheka tu, India hao ndio waliochukua dhahabu, na wale vijana wetu wameitwa muda umeshaenda wakaenda wakasimama uwanjani dhidi ya watu ambao hoki kwao ni kama dini. Mi nawapa heshima.

Kuhusu iliishia wapi, mi nimecheza shuleni na baadaye klabu kidogo, jibu langu ni nyasi bandia. Olimpiki ya 1976 Montreal ndio hoki ilianza kuchezwa juu ya lile zulia, baada ya hapo mechi kubwa taratibu zikahamia huko. Sasa zulia lenyewe lile zuri linamwagiwa maji kabla ya mechi, maji mengi kwelikweli, ili mpira uteleze na wewe ukianguka usichunike. Sisi shuleni tulikuwa na uwanja wa vumbi wenye vichuguu pembeni, mpira ukigonga kokoto unaruka unakupiga kwenye ugoko, kwa hiyo unajifunza kucheza kwa kuogopa, unakaa wima wima. Siku ya kwanza nimekanyaga zulia niliona mpira umepita kabla sijainama. Ni mchezo mwingine kabisa. Wenzetu watoto wao wanaanzia hapo wakiwa na miaka 6, sisi tunakutana nalo ukubwani, na gongo lenyewe zuri ukiambiwa bei unalirudisha taratibu dukani.

babu_wa_pangani:
Binti yangu nakubaliana na wewe kwa miaka ya baadaye, lakini kwa Kenya hesabu haiji. Kombe la Dunia la pili, Amstelveen Uholanzi 1973, lilichezwa kwenye nyasi za kawaida tu, na sisi tuliomaliza wa 4 miaka miwili nyuma tukawa wa 12 kati ya 12. Mkiani. Zulia lilikuwa bado.

Kilichotokea ni watu kuondoka. Timu ile ilikuwa karibu yote Wahindi wa Kenya, Wasikh na Wagoa (wenye asili ya Goa, India), waliozaliwa na kukulia hapa. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, beki, Olimpiki 4 kuanzia 1960 mpaka 1972, tatu kati ya hizo yeye ndiye nahodha. Klabu yake ilikuwa Sikh Union ya Nairobi. Sasa baada ya uhuru mambo ya uraia na vibali vya kazi na leseni za biashara yalipobana, familia zikaanza kwenda Uingereza, Kanada na kwingine. Jirani yetu mmoja, fundi wa magari, mwanawe alikuwa winga mzuri sana, Jumamosi moja tukakuta geti limefungwa kwa mnyororo, magongo matatu yamebaki barazani. Tuliyachukua. Mpaka leo sijui kama tuliiba.

Halafu tukagomea Olimpiki ya 1976 na ya 1980 pia. Tukarudi Los Angeles 1984 wenzetu wameshatuacha mbali, na mwisho wetu ni Seoul 1988.

mganda_wa_bukoba:
Naongezea ya Uganda kwa sababu huwa haisemwi. Munich 1972 Uganda nao walikuwepo kwenye hoki, timu ya Wahindi wa Uganda. Tarehe 4 Agosti Amin anatangaza Waasia waondoke ndani ya siku 90, Olimpiki inaanza tarehe 26 mwezi huohuo. Wale wachezaji wamevaa jezi ya nchi ambayo imeshawaambia wafungashe, wakaingia uwanjani na Ujerumani Magharibi, wenyeji, wakatoka nao 1-1. Wajerumani hao ndio waliochukua dhahabu. Mi hiyo sare naiona kubwa kuliko hata nafasi ya nne ya babu, samahani mzee wangu.

babu_wa_pangani:
Huna haja ya kuomba samahani. Hiyo hata mimi nakupa.

mpiga_deki:
Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo mchana nimelipa kreti, jamaa amekaa katikati ya meza kama bwana harusi, anagawa soda zangu kwa mkono wake. Nikamwambia sawa umeshinda, ila ulikuwa unajua Tanzania tuliwahi kucheza na mabingwa wa Olimpiki, Olimpiki yenyewe? Akanyamaza kidogo, hakuwa anajua. Akauliza ilikuwa ngapi ngapi.

Nikamwambia kunywa soda inapata moto.