Naomba ushauri: plau inashuka yenyewe nikizima trekta

Wakuu, naombeni msaada kwa wanaozijua haidroliki (mfumo wa kunyanyua kwa msukumo wa mafuta) za trekta za zamani.

Injini ikiwa inaunguruma, mikono ya nyuma inanyanyua plau vizuri, ila haitulii: inashuka kidogo, inapanda, inashuka tena, kama mtu anayesinzia. Nikizima, plau inateremka taratibu mpaka inagusa chini. Pampu siilaumu, maana kunyanyua inanyanyua bila kusuasua.

Ninavyoelewa, kati ya pampu na silinda kuna valvu ya kuzuia mafuta yasirudi: gololi imekandamizwa na springi juu ya tundu. Pampu ikisukuma, gololi inainuka na mafuta yanapita. Msukumo ukikoma, springi pamoja na mgandamizo unaotokana na uzito wa plau vinairudisha gololi mahali pake, mafuta yanafungiwa ndani ya silinda. Chembe moja ya chuma ikikaa kwenye kikalio cha gololi, yaani ukingo wa tundu inapokalia, basi, inavuja. Shida ni kwamba sili ya pistoni, ile inayozuia mafuta yasipenye pembeni mwa pistoni ndani ya silinda, ikiisha dalili ni hizo hizo.

Je, kuna namna ya kujua kipi kinavuja kabla sijafungua kifuniko chote cha haidroliki? Kuongeza mafuta mazito msinishauri, hiyo ni kuficha ugonjwa. Fundi mmoja anasema niweke gololi mpya, kisha niigonge mara moja kwa kipande cha shaba ijitengenezee kikalio. Gololi mpya sawa, ila hiyo nyundo inanitia wasiwasi. Aliyewahi kufanya hivyo, ilishika au ilivuja tena?