Mteja anataka niondoe vitufe vyote niweke sauti peke yake: naomba ushauri

MwanaKatuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Lubumbashi. Kwa miaka mitatu nimetunza programu ndogo ya simu inayotumiwa na wauzaji wa unga wa mahindi katika depo za Kenya (mtaa wetu, si nchi), Katuba na Ruashi. Kazi yake ni kuandika mifuko iliyoingia, mifuko iliyotoka, na nani amekopa. Ina skrini nne tu, na vitufe vyake nilivifanya vikubwa, vyenye picha ya mfuko na picha ya pesa, kwa sababu wengi wa akina mama wanaoitumia husoma tarakimu bila shida yoyote, lakini maneno huwachelewesha.

Sasa mwenye depo, ambaye ndiye anayenilipa, amerudi kutoka safarini ambako aliona watu wakizungumza na akili mnemba kama unavyozungumza na karani. Anataka niondoe skrini zote, nibakize ukurasa mtupu wenye alama ya maikrofoni, muuzaji aseme na mashine iandike. Ameniambia kwamba vitufe ni mambo ya jana.

Maneno hayo yaliniuma, lakini sikutaka kumjibu kabla ya kujaribu. Nilitengeneza mfano, nikaupeleka sokoni, nikampa mama mmoja ambaye ameuza unga tangu mimi nikiwa mtoto. Kama mnavyojua, hapa kwetu tunazungumza Kiswahili lakini bei tunazihesabu kwa Kifaransa. Mama yule alisema ameuza mifuko «quatre, vingt mille», yaani mifuko minne, kila mmoja faranga elfu ishirini. Mashine iliunganisha maneno hayo (kwa Kifaransa «quatre-vingt» ni themanini), ikaandika mifuko elfu themanini. Kwenye ukurasa ule mtupu hakukuwa na kitu cha kumwonyesha kosa liko wapi, wala pa kubonyeza ili alirudishe nyuma. Alinirudishia simu akasema, «Mwanangu, hii inasikia vibaya,» akachukua daftari yake.

Sitaki kuwa fundi anayekataa kitu kipya kwa sababu tu hakukibuni yeye. Ila hesabu ya mama yule ndiyo chakula cha watoto wake. Je, nimkatalie mteja, nimkubalie, au ipo njia ambayo siioni kwa sababu nimevizoea vitufe vyangu?

FundiWaZamani, Lubumbashi

Ndugu MwanaKatuba, pole na kazi. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani kompyuta inayoongozwa kwa kifaa ambacho leo tunakiita mausi. Wengi wanakumbuka mausi iliyokuwa katika mkono wake wa kulia. Wachache wanakumbuka kwamba chini ya mkono wa kushoto alikuwa na kibodi ndogo ya vitufe vitano, ambayo ulibonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja ili kupata herufi moja. Aliyeizoea aliweza kuandika kwa mkono mmoja huku mwingine ukiongoza mausi. Hata hivyo, mausi ilifika mezani kwa watu wa kawaida, hasa baada ya Macintosh ya 1984, na ile kibodi ikabaki maabara.

Kwa maoni yangu sababu ni kwamba kibodi ile ilikutaka ukariri kila kitu kabla ya kuanza, ilhali mausi ilikutaka uone tu na kuelekeza. Ukurasa mtupu wenye maikrofoni unafanana na ile kibodi kuliko mteja wako anavyodhani, kwa sababu muuzaji anatakiwa kujua mwenyewe ni mambo gani yanaweza kusemwa, na kwa mpangilio gani. Hata menyu za kutuma pesa kwa simu, ambazo ujumbe wake mmoja hauwezi kuzidi herufi 182, humwonyesha mtu njia zilizopo: moja fanya hivi, mbili fanya vile. Usiziondoe skrini zako.

BintiKampemba, Lubumbashi

Kwa heshima yote, mzee wangu, sikubaliani. Mama yangu hajui kusoma, na kila siku anatuma sauti kwa WhatsApp, anapokea sauti, anapanga safari na michango ya msiba bila kuandika hata herufi moja. Kwake sauti si teknolojia mpya hata kidogo.

Ndugu MwanaKatuba, umetueleza kuhusu tarakimu, lakini hukutuambia jambo moja: jina la mdeni linaingizwaje? Ikiwa mama anatakiwa kuliandika herufi kwa herufi, basi skrini yako nayo ina mlango uliofungwa, ila wewe huuoni kwa sababu unasoma. Kabla ya kumkatalia mteja, nenda ukaangalie hapo.

MwanaKivu, Bukavu

Naongeza la kiufundi. Modeli za kutambua sauti zinafuata lugha zilizofundishiwa. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na takriban theluthi mbili ya hizo ni Kiingereza. Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa, katikati ya kelele za kinu, kiko mbali na hapo. Tena kila sauti inayopanda kwenye seva inakula megabaiti za muuzaji, si za mwenye depo. Chukua mauzo ya siku moja, yaandike kwa njia zote mbili, kisha mwekee mteja makosa mezani. Mfanyabiashara ataelewa mifuko iliyopotea kuliko hoja zetu.

MwanaKatuba, Lubumbashi

Nawashukuru nyote, na hasa dada BintiKampemba, ambaye swali lake lilininyima usingizi. Jana nilikaa kwenye depo kuanzia asubuhi hadi umeme ulipokatika, nikitazama majina tu. Ni kweli kwamba karibu hakuna anayeyaandika. Wanaweka «A», au «B», au wanaacha wazi, kisha wanakumbuka kichwani: papa wa kofia nyekundu, mama wa mapacha, yule wa karibu na pampu. Miaka mitatu nimedhani orodha yangu ya madeni inafanya kazi, kumbe wao ndio waliokuwa wakiibeba.

Kwa hiyo nimempendekezea mteja hivi. Tarakimu zibaki kwenye vitufe vikubwa, na jumla ionekane kabla ya kuhifadhi. Jina la mdeni liwe sauti: muuzaji anabonyeza, anasema «papa wa kofia nyekundu», na sauti hiyo inahifadhiwa kama ilivyo ndani ya simu, bila mashine kuitafsiri na bila intaneti. Akitaka kukumbuka, anagusa deni na anasikia sauti yake mwenyewe. Mteja amenipa wiki mbili.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba mdeni mwenyewe anaweza kuwa amesimama pale pale sauti ikichezwa, na jina alilopewa si la kumsikilizisha. Nafikiria sauti itoke kwenye spika ya sikioni tu, kama simu ya kawaida. Dada, mama yako angekubali kuiweka simu sikioni kila mara, au ingemchosha?