Tanzia kwenye kumbukumbu za ukoo: kunakili yote, kufupisha au kuweka kiungo?

Mtafutanasaba: Wakuu, naandaa kumbukumbu za ukoo mtandaoni. Nina tanzia kama arobaini, nyingi nimezikata magazetini, chache zimetoka tovuti za kampuni za mazishi. Nizipandishe zilivyo, nizifupishe au niweke viungo tu? Sitaki ugomvi wa hakimiliki.

Karani: Kiungo ndicho salama zaidi, ila hakidumu. Nusu ya nilivyoweka mimi sasa vinafungua ukurasa mtupu. Baki na nakala yako binafsi.

BintiSheria: Fupisha. Hakimiliki hailindi taarifa tupu: jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, nani alioana na nani, alizikwa wapi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalisema hilo mwaka 1991 katika kesi ya Feist, iliyohusu kitabu cha namba za simu. Kinacholindwa ni maneno ya mwandishi. Kwa hiyo chukua taarifa, andika kwa maneno yako, taja gazeti, tarehe na ukurasa. Kubadilisha maneno mawili matatu si kufupisha!

Mtafutanasaba: Ya babu niliandika mimi mwenyewe.

BintiSheria: Hiyo yako, labda kama masharti ya gazeti uliyokubali yanasema vingine. Picha ni habari nyingine: kwa kawaida haki ni ya aliyepiga, si ya aliyepigwa.

MzeeWaMaktaba: Za zamani sana nakili nzima, ila piga hesabu kwanza. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi ilindwe angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi zimefikisha 70. Tanzia nyingi hazina jina la mwandishi. Hapo miaka huanza kuhesabiwa tangu zilipochapishwa. Kwa Marekani, zilizochapishwa kabla ya 1930 ziko huru.

Kijukuu: Mbona watu wanapandisha kila siku na hakuna anayeshtakiwa?

Karani: Wanashtakiwa. Kanada, mwaka 2019, Mahakama ya Shirikisho iliamuru tovuti moja ilipe dola milioni 20 za nchi hiyo. Ilizoa tanzia zaidi ya milioni moja, picha zikiwemo, ikawa inauza maua na mishumaa ya mtandaoni pembeni. Najua wewe huuzi mishumaa, lakini mfiwa akikuta maneno yake kwako bila kuombwa, atakasirika vilevile. Mwandikie kwanza. Na majina ya walio hai yaondoe.

Mtafutanasaba: Haya, za magazeti nafupisha, ya babu naweka nzima. Picha zisubiri nimpate shangazi, karibu zote alipiga yeye.