Naombeni ushauri: nibaki na ER-3A au ninunue ER-2?

Sikio_Pweke: Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa mwisho wa uzamili, napima namna mtu anavyotambua sauti imetokea upande gani. Natumia iafoni za kuchomeka sikioni, ER-3A, nilizoazima kliniki. Tatizo ni kwamba kila ninayempima anasema sauti imeegemea kulia, hata nikituma ileile pande zote mbili. ER-2, aina nyingine ya iafoni hizi, zitaniokoa? Nimebakiza wiki mbili, usingizi sina.

MamaTatu: Pole mwanangu. Binti yangu alianza hivihivi, kila saa anaongeza sauti ya TV, kumbe nta imejaa sikioni. Wapeleke wakasafishwe kwanza.

Kitumbua: Kariakoo elfu nane tu, na besi juu.

FundiMawimbi: Mkuu, unapima kushoto na kulia tu, au na juu na chini? Juu na chini hutambuliwa kwa masafa ya sauti yanayozidi kama 5 kHz (mitetemo 5,000 kwa sekunde), na ER-3A huanza kuporomoka baada ya 4 kHz. ER-2 inapita 10. Halafu hiyo mirija inayopeleka sauti sikioni, umeigusa?

Sikio_Pweke: Kushoto na kulia tu. Mirija iko sawa.

FundiMawimbi: Sawa kwa urefu?

Sikio_Pweke: Wa kulia ulikuwa na ufa karibu na sponji, nikaukata. Sentimita tatu tu, na sauti inatoka vizuri. Ila ER-2 nimeshalipia kianzio, na kila mtu anazisifia.

FundiMawimbi: Ndiyo hiyo! Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Sentimita 3 ni takriban mikrosekunde 87 (milioni moja ndiyo sekunde), na sikio zuri linang'amua hata tofauti ya 10. Kulia inawahi, lazima ivute. Kwa kushoto na kulia ER-3A zinatosha kabisa.

Bwana_Ushahidi: Chai hii. Mtu wa uzamili akate mrija wa kuazima kwa mkasi? Huyu anauza ER-2.

Sikio_Pweke: Sina cha kuuza, ndugu. Kipande nimekificha kwenye kopo la sponji za njano, ufa wake mwembamba kama uzi wa buibui. Msimamizi sijamwambia kwa sababu vifaa si vyangu.

MamaTatu: Mwambie leo, mwanangu. Kesho utaogopa zaidi.

FundiMawimbi: Agiza mirija mipya, yote miwili, urefu mmoja. Ikichelewa, chelewesha upande wa kulia kwenye programu. Kompyuta ikigawa sauti vipande (sampuli) 48,000 kwa sekunde, ni sampuli 4 na kidogo. Umeshapima wangapi?

Sikio_Pweke: Kumi na mmoja.

FundiMawimbi: Warudie wote.

Sikio_Pweke: Wawili wameshasafiri. Naanza kuwapigia hao tisa sasa hivi, kisha nampigia msimamizi.

MamaTatu: Anza na msimamizi.