Kifaranga wa bata aliyebaki peke yake: nimtafutie wenzake wa aina gani?

Mfugaji wa Wete:
Assalamu alaykum. Bata wangu aliatamia mayai tisa, na siku chache kabla ya kuangua, ngawa aliingia bandani usiku akamuua. Mayai yaliyosalimika niliyahamishia kwa kuku aliyekuwa akiatamia, naye akaangua moja tu, kisha akamkataa kifaranga. Sasa ana siku sita na namlea jikoni ndani ya boksi, chini ya taa. Anakula vizuri, lakini nikitoka hulia mpaka sauti ikamkauka, na nikirudi hunifuata hatua kwa hatua hadi mlango wa choo. Jirani ananishauri nimchanganye na vifaranga wake wa kuku wa wiki moja. Je, watamfaa, au nitafute bata?

Bi Mkubwa wa Mwera:
Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Kifaranga wa bata, tangu saa za mwanzo za maisha yake, humshika anayemwona akitembea mbele yake kuwa ndiye mama, na kwa kuwa kuku alimkataa, mama ni wewe. Lakini huwezi kukaa naye mchana kutwa na usiku kucha. Mtafutie bata wawili, si mmoja, ili mmoja akifa usirudi ulikoanzia. Na umri wao usipishane naye sana, maana mkubwa humkanyaga mdogo na kumnyima chakula. Kwa sasa mwekee kioo kidogo na kitambaa laini cha kujibanza, atatulia kiasi.

Vifaranga wa kuku ni wa kuazima tu. Bata huchezea maji mpaka maranda yakawa tope, na kifaranga wa kuku akilowa hupata baridi upesi na kufa. Isitoshe, huyo wako akitokea kuwa dume, akikua pamoja nao atataka kuwapanda kuku majike, na kwa maumbile ya bata dume anaweza kuwajeruhi vibaya. Mimi nimeshapoteza kuku wawili kwa njia hiyo.

Mfugaji wa Chake Chake:
Nakubaliana na Bi Mkubwa, ila chakula kisisahauliwe. Kifaranga wa bata huhitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi kuliko wa kuku, na akiikosa miguu hupinda na kushindwa kumbeba. Kwa hiyo anayelishwa chakula cha kuku aongezewe dagaa waliosagwa vizuri. Maji yawe na kina cha kuzamisha matundu ya pua, basi. Kuogelea ni kwa dakika chache ukiwa umesimama hapo, kwa sababu manyoya yake hayajapakwa mafuta ya mama na hulowa mpaka ngozini. Akitoka uani afunikwe na tenga. Kunguru wetu hawa, walioletwa kutoka India karne ya 19, hawamwachi kifaranga asiye na mama.

Mfugaji wa Wete:
Shukrani, Bi Mkubwa, na wewe ndugu yangu. Nimepata wawili wa siku kumi kutoka Mtambwe. Siku ya kwanza niliwatenga kwa wavu wakaonana tu, na jana nimeuondoa. Usiku wamelala wamebanana, na kilio sijakisikia. Mmoja wa hao wageni anachechemea kidogo, kwa hiyo dagaa nimeshaanza kuwasagia wote watatu.