Nodi ya bitcoin ya majaribio imekwama, nifomati komputa? (Goma)

Kijana wa Birere
Salamu wakubwa. Naomba ushauri wa haraka maana kesho saa nne asubuhi kuna fundi anakuja nyumbani. Nimeweka Bitcoin Core (programu ya nodi, inapakua na kukagua rekodi zote za malipo ya bitcoin) kwenye laptopu ya Windows, diski GB 256, nijaribu kupokea malipo kabla ya kuipeleka dukani kwa mama (anauza vitenge). Ni majaribio tu, kwenye testnet, ule mtandao wa majaribio ambao sarafu zake si pesa. Kwenye faili ya mipangilio, bitcoin.conf, niliandika testnet=1 kama maelekezo yanavyosema. Sasa diski imejaa, programu inajizima yenyewe, na kila nikiifungua inasema iko nyuma miaka kadhaa. Tovuti zinazogawa sarafu za majaribio bure nazo zinakataa anwani yangu. Fundi anasema tufute yote, tufomati, tuanze upya na Linux badala ya Windows. Nikubali? Ubuntu au Debian, ipi nyepesi?

Pinguini
Debian. Uzi ufungwe.

Mtoto wa Himbi
Ubuntu, usimsikilize huyo. Debian ilinila wikendi nzima nikitafuta draiva ya wifi.

Pinguini
Wifi yako ndiyo mbovu.

Mama Keshero
Mwanangu, achana na hayo mambo. Vijana wa suti walikuja mtaani kwetu wakasema pesa inazaa kila juma. Yangu haikuzaa, ilizikwa. Tafuta kazi ya mikono.

Mzee wa Lubero
Mama, usichanganye. Bitcoin si wale wa suti. Huku kwetu Luviro, mbuga ya Virunga yenyewe ilianza kuchimba bitcoin (kompyuta zinashindana kupata sarafu mpya) mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa pale. Mashine zimo ndani ya makontena, zinanguruma usiku na mchana. Watalii walikuwa hawaji, mbuga ikatafuta makuta, yaani pesa, kwingine. Mpwa wangu alitaka kazi pale, akaulizwa Kiingereza, akarudi kulima viazi. Viazi vya mwaka ule vilikuwa vizuri, lakini barabara ya kuviteremsha...

Fundi Katindo
Mzee, barabara tutaiongelea siku nyingine. Kijana, nina shaka kama uko testnet kweli. Jibu mawili kabla hujagusa kitu: anwani yako inaanza na herufi gani, na alama ya programu ina rangi gani?

Kijana wa Birere
bc1q. Rangi ya chungwa. Kwani?

Fundi Katindo
Basi hujawahi kuwa testnet. Anwani za aina hiyo za testnet na signet (mtandao mwingine wa majaribio) zinaanza na tb1, za regtest (majaribio ndani ya komputa yako tu) bcrt1, na alama ya testnet ni ya kijani. Bc1 na chungwa ni mtandao wa kweli, ndiyo maana wale wa sarafu za bure wanakukataa. Nahisi faili yako inaitwa bitcoin.conf.txt. Notepad inaongeza .txt kimyakimya, Windows inaificha, programu haioni faili yoyote na inaanza na mtandao mkuu. Huo mnyororo, yaani rekodi yote ya malipo, umepita GB 600, kwenye 256 utauweka wapi?

Na kwa kujaribu malipo huhitaji mtandao wowote. Washa regtest, ujichimbie bloku (mafungu ya malipo) 101 kwa amri ya generatetoaddress. Zawadi ya bloku ya kwanza, sarafu 50, haitumiki mpaka bloku nyingine 100 ziwe juu yake. Weka na fallbackfee (ada ya kutumika programu isipoweza kukadiria), la sivyo itakataa kutuma. Hata mega moja ya intaneti hutatumia.

Ila niambie: kwenye hiyo pochi kuna kitu kimeingia?

Kijana wa Birere
Kidogo tu. Turudi kwenye Linux tafadhali.

Yaya Ndosho
Mdogo wangu, kidogo ni ngapi?

Kijana wa Birere
Dola 300. Ni likilimba ya mama (mchango wa zamu wa wamama), zamu yake ilikuwa mwezi huu. Alimtumia kaka yangu aliye Kampala, kaka akanunua bitcoin akaituma kwa anwani yangu. Kwangu inaonyesha sifuri, ndiyo maana nataka kuanza upya.

Na kabla hamjanirukia: benki zilifungwa hapa Januari 2025, wateja wa mbali wanauliza watalipaje, nami niwajibu nini? Pesa ya uongo haimfundishi mtu umakini. Hilo sijutii.

Mama Keshero
Likilimba! Wale wamama wengine wanajua?

Fundi Katindo
USIFOMATI. Bitcoin Core haikupi maneno 12 ya siri ya kurudishia pochi, ya kuandika kwenye daftari. Funguo ziko ndani ya wallet.dat, kwenye folda ya wallets. Ukifomati bila kuinakili, 300 zimekwenda na hakuna wa kumpigia simu. Funga programu, nakili faili hiyo kwenye flashi mbili.

Sifuri si ajabu: nodi yako bado inasoma bloku za zamani, haijafika ile yenye malipo ya kaka yako. Ingia tovuti ya mempool.space, bandika anwani, utaziona.

Mtu wa Majengo
Naomba kuuliza kama mtu mwenye akili. Kujaza diski hiyo ni GB karibu 200 za kupakua. Goma hii? Kwa mega za nani? Mimi video ya dakika tatu inanimaliza. Uzi umetungwa. Kesho utaona namba ya kuchangia.

Mtoto wa Himbi
Eh, hata mimi nimeanza kuhisi. Fundi, mama, likilimba, kaka wa Kampala. Amebakiza mchungaji tu.

Kijana wa Birere
Nalinda ofisi usiku, wana dishi ya setilaiti. Nimeomba senti ya nani hapa?

Mama Keshero
Kwa hiyo na mega ni za tajiri yako.

Mtu wa Majengo
Weka anwani yote tuone.

Yaya Ndosho
Asiweke. Watu wote humu wajue mama yake ana kiasi gani na duka liko Birere? Mtu wa Majengo, wewe una haraka gani?

Mtu wa Majengo
Sina haraka. Nasema tu mlinzi anayejua bitcoin.conf sijamuona.

Pinguini
Mimi nalinda pia. Debian yangu nilijifunzia getini.

Kijana wa Birere
Fundi, nimeangalia mempool.space, ziko pale. Faili nimeinakili, ila flashi ninayo moja. Sasa hii nodi naimalizaje bila diski mpya?

Fundi Katindo
Kwanza washa Windows ionyeshe viambishi vya faili (herufi za mwisho wa jina), uliondoe hilo .txt. Halafu futa testnet=1, la sivyo safari hii itakutii kweli. Andika prune=550. Itatupa bloku za zamani na kubaki na kipande kidogo, pamoja na GB kadhaa za orodha ya sarafu. Lakini prune inaokoa diski, haiokoi mega: zilizobaki utazipakua zote. Mwombe tajiri ruhusa. Flashi ya pili azima.

Mtu wa Majengo
Na yule fundi wa kesho?

Kijana wa Birere
Simu yake haipatikani. Nimempa malipo ya awali.