Mrejesho: kupanua rimu za Impreza WRX

Ndugu zangu, niliuliza iwapo rimu za aloi za gari langu, Subaru Impreza WRX, za inchi 17 (kipenyo) kwa 7 (upana) zingeweza kupanuliwa hadi inchi 8, zivae tairi za 235/40 badala ya 215/45 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), nami nawashukuru nyote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuongeza mkanda wa milimita 25 upande wa nje, kwa kuwa upande wa ndani tairi ingegusa shokomzoba, na fundi wa kuchomelea wa hapa Changamwe aliukata na kuuunga kwa gesi ya agoni.

Rimu za mbele zimetoka vyema, hazitetemi hata kwa mwendo wa kasi. Moja ya nyuma, hata hivyo, inavuja upepo kwenye mchomo, na kwa kuwa mzee mmoja alinionya kwamba joto hudhoofisha aloi, sitairudisha motoni. Nitatafuta jozi ya mtumba iliyotoka kiwandani na upana huo, jambo ambalo kusema kweli ni rahisi zaidi. Fenda za nyuma zilikunjwa ukingo, lakini bado zinakwaruza tairi nikipakia abiria. Mita ya mwendo haijaathirika sana, kwani kipenyo cha tairi kimepungua kwa takriban milimita 5 tu.